Sura ya Sita: Mapazia ya Bronx

Mwishoni mwa mwaka 1983, madereva waliokuwa wakipita barabara kuu ya Cross Bronx jijini New York walianza kuona mapazia kwenye madirisha ya majengo ambayo kila mtu alijua hayana watu. Dirisha moja lilikuwa na chungu cha maua, lingine lilikuwa na vibao vya kufungia vilivyopakwa rangi, na la tatu pazia lililogawanywa katikati na kufungwa pembeni vizuri. Ukiwa ndani ya gari liendalo kasi, ungeapa kwamba watu wamerudi. Ukisogea kwa miguu ulikuta stika za vinili zilizobandikwa juu ya mabati ambayo jiji lenyewe lilikuwa limeyapigilia misumari kuziba madirisha. Nyuma ya bati palikuwa na giza na vyumba visivyokalika.

Stika hizo zilibandikwa na idara ya makazi ya Jiji la New York, wakati wa Meya Ed Koch, kwa fedha zilizotoka serikali ya shirikisho. Majengo yalikuwa mali ya jiji. Ukitazama juujuu, kila kitu tunachokihitaji katika sura hii kipo pale: jengo tupu la manispaa, picha iliyowekwa hadharani kwa muda, na umma unaopita na kutazama. Kilichokosekana ni wakazi wa mitaa ile. Hakuna aliyewauliza wangependa kuona nini kwenye madirisha yale, na picha zenyewe zilielekezwa barabarani, kwa wapita njia. Walioishi ng'ambo ya pili ya mtaa waliliona bati kila asubuhi na hawakuhitaji stika kujua kilichokuwa nyuma yake.

Jiji lilifikaje kumiliki magofu yote hayo? Katika miaka ya 1970 New York ilikaribia kufilisika. Wenye nyumba wa Bronx ya Kusini, wakiona kodi za pango haziwalipi tena, waliacha kukarabati, kisha wakaacha kulipa kodi ya majengo. Wengine walilipa watu wawachomee nyumba ili wapate fedha za bima. Wakati huohuo jiji lilikuwa linafunga vituo vya zimamoto ili kubana matumizi, na vilivyofungwa vingi vilikuwa katika mitaa ya maskini, kulekule moto ulikokuwa unawaka zaidi. Mwaka 1976 sheria ilibadilishwa: jengo lililolimbikiza deni la kodi kwa mwaka mmoja lingeweza kutwaliwa na jiji, badala ya miaka mitatu kama zamani. Shabaha ilikuwa kuwatisha wenye nyumba walipe. Wengi hawakutishika, waliondoka, na jiji likajikuta ndilo mwenye nyumba mkubwa wa maelfu ya majengo ambayo hakuna aliyeyataka. Katika maeneo saba ya sensa ya Bronx, kati ya 1970 na 1980 zaidi ya asilimia 97 ya majengo yaliungua au yalitelekezwa.

Kwa hiyo mtu anapozungumzia jengo tupu la manispaa, azungumzie kwanza jinsi lilivyokuwa tupu. Halikuachwa na upepo. Kuna sheria iliyopitishwa, kituo cha zimamoto kilichofungwa, barabara iliyokatwa katikati ya mtaa. Hiyo Cross Bronx yenyewe ilipasuliwa katikati ya makazi ya watu na Robert Moses, kazi iliyoanza mwaka 1948, na maelfu ya familia zikahamishwa. Mapazia ya vinili yalibandikwa ili yaonekane vizuri kutoka kwenye barabara iliyochangia kuua mitaa ile.

Koch alijitetea kwamba jiji halikuwa na fedha za kujenga upya, na kwamba madirisha yaliyozibwa kwa mabati matupu yanafukuza wawekezaji na kukatisha watu tamaa. Sidhani alikuwa anadanganya kuhusu fedha. Mwaka 1986 meya huyohuyo alitangaza mpango wa miaka kumi wa makazi, wa dola bilioni 4.2 ambazo baadaye zilifika bilioni 5.1, na mengi ya magofu yale ya jiji yalikarabatiwa na watu wakaingia kuishi. Ni moja ya kazi kubwa za makazi zilizowahi kufanywa na mji wowote wa Marekani. Lakini stika za 1983 hazikutangaza mpango huo wala kuuahidi. Zilifunika pengo tu, na wakazi walizipokea kama tusi.

Sasa turudi nyuma miaka mitatu, kusini zaidi, kisiwani Manhattan.

Katika mtaa wa Lower East Side, nambari 123 Delancey Street, palikuwa na jengo la jiji lililokaa tupu. Kundi la wasanii lililojiita Colab lilikuwa limeiomba idara ya makazi ruhusa ya kulitumia kwa maonyesho, bila mafanikio. Usiku wa kuamkia mwaka 1980 waliingia bila ruhusa. Tarehe 1 Januari wakafungua milango kwa umma, wakayaita maonyesho yao kwa jina linalotaja biashara ya ardhi na majengo, yaani The Real Estate Show. Kazi zilizoning'inizwa zilihusu pango, wenye nyumba, moto, na watu wanaofukuzwa makwao. Maonyesho yaliwekwa wakfu kwa Elizabeth Mangum, mwanamke Mmarekani mweusi wa Brooklyn aliyeuawa na polisi mwaka 1979 alipokuwa anapinga kutolewa nyumbani kwake.

Tarehe 2 Januari jiji lilifunga jengo kwa kufuli, kazi zikiwa ndani.

Maonyesho ya siku moja. Kwa hesabu ya kawaida ni kazi iliyoshindwa. Hata hivyo waandishi wa habari walikuja, msanii maarufu wa Ujerumani Joseph Beuys akaja kusimama na wenzake barabarani, na idara ya makazi ikajikuta inaulizwa hadharani kwa nini inalinda kwa polisi jengo ambalo haina kazi nalo. Mazungumzo yakaanza. Jiji likawapa wasanii nafasi katika jengo lake lingine lililochakaa, nambari 156 Rivington Street, hatua chache kutoka pale. Hapo pakazaliwa ABC No Rio, kituo kilichochukua jina lake kwenye herufi zilizobaki za kibao kilichofutika cha wakili na mthibitishaji ng'ambo ya mtaa. Kituo kiliendesha maonyesho, muziki, maktaba ya vijarida na chumba cha kusafishia picha kwa miongo mingi, na mwaka 2006 jiji likawauzia jengo kwa dola 1.

Upande wa pili wa kisa hiki husahauliwa. Jengo la Delancey lilikuwa ndani ya eneo ambalo jiji lilianza kulibomoa mwaka 1967 kwa jina la uboreshaji wa miji. Zaidi ya familia 1,800 zilihamishwa, nyingi za asili ya Puerto Rico, zikiahidiwa kurudi nyumba zikijengwa. Viwanja vingi viligeuka maegesho ya magari, na mpango wa kujenga tena haukupitishwa hadi 2012. Miaka arobaini na mitano! Wasanii walipata jengo. Nyingi ya familia zile hazikurudi. Ninavutiwa sana na ujasiri wa kundi la Colab, na bado naona kwamba sanaa hii, hata inapokuwa ya ukombozi, humfaidi kwanza yule aliyeshika brashi. Mkazi asipokuwa mmoja wa walioshika brashi, faida yake itategemea huruma ya wengine.

Mwaka huohuo 1980, mwezi Agosti, msanii John Fekner alikwenda Charlotte Street, Bronx ya Kusini, akiwa na karatasi ngumu zilizokatwa matundu ya herufi na makopo ya rangi ya kupuliza. Rais Jimmy Carter alikuwa amesimama mtaani hapo tarehe 5 Oktoba 1977, akapigwa picha katikati ya vifusi, akaahidi msaada. Miaka mitatu ilikuwa imepita na vifusi vilikuwa palepale. Wanaharakati na wakazi walikuwa wanaandaa mkutano wao wa wananchi katika uwanja huo mtupu, kabla ya chama cha Democratic kufanya mkutano wake mkuu Manhattan. Kwa ajili ya mkutano huo Fekner aliandika kwenye kuta za majengo yaliyotelekezwa, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, kwamba ahadi zimevunjwa. Aliandika kwa Kiingereza na kwa Kihispania, kwa sababu ndizo lugha za mtaa ule. Kwenye ukuta mwingine aliandika neno moja tu, la kuoza.

Tarehe 5 Agosti Ronald Reagan, mgombea urais, alifika hapo kumsuta Carter. Wakazi walimpigia kelele wakitaka kujua yeye atawafanyia nini. Wapiga picha walipofyatua kamera zao, nyuma ya mgombea palikuwa na kuta za Fekner. Picha ikaenda dunia nzima na maneno yake yakiwa juu ya kichwa cha mwanasiasa ambaye hakuyapanga.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufundishwa nguvu ya rangi kwenye ukuta wa jengo. Anaijua X nyekundu. Kabla ya bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibamba, nyumba ziliwekewa alama hiyo na kila aliyepita na daladala alielewa. Nairobi nako, baada ya jengo la Huruma kuporomoka mwezi Aprili 2016 na kuua watu wapatao hamsini, majengo yaliyoonekana ni hatari yalipigwa X. Serikali huandika kwenye kuta za wananchi kila siku. Alichofanya Fekner ni kuandika jibu kwenye kuta ambazo serikali ndiyo iliyokuwa imeziacha. Alitumia vifaa vilevile, karatasi na kopo la rangi, na hakuhitaji kueleza maana yake kwa mtu yeyote.

Rangi ile ilikusudiwa ipotee. Majengo ya Charlotte Street yalibomolewa, na kati ya 1983 na 1987 zikajengwa pale nyumba ndogo zipatazo tisini za Charlotte Gardens, zenye bustani na uzio, chini ya usimamizi wa mpangaji miji Edward Logue. Zipo hadi leo. Siwezi kusema ni maandishi ya Fekner yaliyozijenga. Zilijengwa na vikundi vya wakazi vilivyopiga hodi ofisini miaka nenda miaka rudi, na fedha za umma. Lakini maandishi yalitoka pale nyumba zilipoingia, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote linaloweza kuipata kazi ya namna hii.

Vinili hiyohiyo ya mapazia ya Bronx ina kisa kingine, kilicho karibu nasi zaidi. Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa anayejulikana kwa jina la JR alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa palepale, jumla ya mita za mraba 2,000. Nyumba za Kibera zimejaa watu, kwa hiyo kisa hiki kiko kwenye mpaka wa sura yetu; nakileta kwa sababu ya vinili hiyo. Alipofanya kazi kama hiyo katika nchi nyingine JR alitumia karatasi na gundi. Kwa Kibera alitumia vinili isiyopitisha maji, kwa kuwa bati la Kibera huvuja na wenye nyumba walihitaji kitu cha kuzuia mvua. Picha za sehemu ya juu ya nyuso zilibandikwa pia kwenye mabehewa ya treni, na sehemu ya chini ya nyuso hizo kwenye mteremko kando ya reli, hivi kwamba treni ilipopita uso ulikamilika kwa nukta chache kisha ukaachana. Hilo la treni ndilo lililopendwa na magazeti. La mvua ndilo lililopendwa na wenye mapaa. Bronx, vinili iliwekwa juu ya madirisha ambayo hakuna mtu nyuma yake, kumfurahisha mtu mwingine. Kibera iliwekwa juu ya vichwa vya wenye picha. Mtu akinipa mpango wa kupamba jengo la umma, swali langu la kwanza ni hilo: picha itakapochakaa, nani atakuwa amepata nini?

Katika miji ya Albany, Schenectady na Troy, jimbo hilohilo la New York, swali hilo lilijaribiwa kwa mpangilio mkubwa zaidi mwaka 2016. Miji hii mitatu imekaa pamoja pale mito ya Hudson na Mohawk inapokutana. Troy ilitajirika kwa kutengeneza kola za mashati, Schenectady kwa mitambo ya umeme ya General Electric, na Albany ni makao makuu ya jimbo. Viwanda vilipoondoka viliacha mitaa yenye nyumba tupu kwa mamia, hasa katika maeneo ya Wamarekani weusi ambako tangu miaka ya 1930 mabenki yalikataa kukopesha. Nyingi za nyumba hizo zilikuwa zimeangukia mikononi mwa miji yenyewe au mashirika ya umma yaliyoundwa kushika ardhi iliyotelekezwa.

Msanii Adam Frelin na msanifu majengo Barbara Nelson walipendekeza kitu kimoja: nyumba hizo ziwashwe taa. Meya wa miji mitatu, watu ambao kwa kawaida hushindana kutafuta wafadhili, waliweka saini pamoja, na taasisi ya Bloomberg Philanthropies ikatoa dola milioni 1. Mradi ukaitwa Breathing Lights. Mwezi Oktoba na Novemba 2016, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, madirisha ya nyumba tupu yapatazo 200 yaliwaka mwanga wa dhahabu uliopanda taratibu, ukajaa, ukashuka, ukapanda tena, kwa mwendo wa mtu anayepumua usingizini.

Hebu tusogee kwenye dirisha moja, maana ufundi wake una mafunzo. Nyumba iliyotelekezwa imekatiwa umeme siku nyingi, na kuunganisha upya nyumba mia mbili kungehitaji mafundi, vibali na mita ambazo fedha zote zisingetosha. Kwa hiyo kila dirisha lilijitegemea. Fremu ilikatwa kwa kipimo cha dirisha lenyewe, ikawekewa ukanda wa taa ndogo za LED zinazokula umeme kidogo, mbele yake plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga usiume macho, betri, na kifaa kidogo cha kielektroniki cha kuamuru mwanga upande na kushuka. Hakuna dirisha la zamani linalofanana na jirani yake. Nyumba za karne ya 19 zimekaa, zimelala upande, kingo zimeliwa na maji. Ilibidi mtu aingie kila nyumba, apime kila dirisha, na kabla ya hapo mtu mwingine athibitishe kwamba sakafu itambeba. Nalisema hili kwa sababu watu wengi hudhani kazi ya namna hii ni ndoo za rangi na vijana wenye moyo. Sehemu kubwa ni tochi, tepu ya kupimia, orodha ya funguo, na bima.

Kilichonifanya niuheshimu mradi huu, hata hivyo, kilikuwa nje ya madirisha. Waandaaji waliwatafuta wakazi wa mitaa husika kuwa mabalozi, na ndio waliowatembeza wageni usiku na kuwaeleza nani aliishi nyumba ipi na kwa nini aliondoka. Vijana walifundishwa kutengeneza filamu kuhusu mitaa yao. Kulikuwa na vikao vya bure ambako mtu aliyetaka kununua nyumba tupu alikaa na watu wa manispaa, mabenki na mafundi, akaelezwa hati inapatikanaje, deni la kodi linafutwaje, na paa linagharimu kiasi gani. Mtu aliyekuja kutazama taa aliweza kuondoka na fomu mkononi.

Walilalamika watu, na malalamiko yao ni ya haki: dola milioni moja zingekarabati nyumba ngapi? Gawanya kwa nyumba 200 na unapata dola 5,000 kwa kila moja, ambazo huko hazifiki hata kwenye paa. Tena zilikuwa fedha za sanaa, zisingetolewa kwa mabati na saruji. Hesabu hiyo ni sahihi na bado haitoshi kumjibu mama anayekaa jirani na gofu lililowashwa, kisha mwezi Desemba likazimwa na kubaki gofu. Miezi miwili ya mwanga ilimwonyesha kila mtu ukubwa wa tatizo kwa namna ambayo takwimu haziwezi, kwa kuwa usiku ule uliweza kusimama kona moja na kuhesabu kwa macho yako nyumba ambazo mchana ulizoea kuzipita bila kuziona. Baadhi ya nyumba zimepata wenyewe, baadhi zimebomolewa, nyingine bado zimesimama tupu. Mradi uliweka fomu mkononi mwa mkazi. Haukuweka mamlaka mkononi mwake.

Hapo ndipo Granby inapozidi.

Granby ni sehemu ya Toxteth, Liverpool, Uingereza, mtaa uliokaliwa kwa vizazi na mabaharia na familia zao kutoka Afrika Magharibi, Somalia, Yemeni na visiwa vya Karibea. Mwezi Julai 1981 vijana wa Toxteth walipambana na polisi kwa siku kadhaa, ghasia zilizotokana na ukosefu wa ajira na manyanyaso ya muda mrefu ya polisi. Baada ya hapo halmashauri ilianza kununua nyumba, kuhamisha watu, kuziba madirisha na kubomoa. Mpango mmoja ulipokufa ulikuja mwingine. Kila mpango ulisema eneo limekwisha, na kila mara kauli hiyo ilitosha kulimaliza zaidi, maana nani anunue nyumba mahali pasipo na kesho? Mwishoni ilibaki mitaa minne ya nyumba za matofali za enzi ya Malkia Victoria, na katika mitaa hiyo wakazi wachache, wengi wao wanawake waliogoma kuondoka.

Hawakuanza na sanaa, na walipoifikia hawakuita hivyo. Walianza na ufagio. Halmashauri ilipoacha kusafisha, walifagia wenyewe. Kisha wakaleta vyungu na mapipa ya udongo, wakapanda maua na mboga mbele ya nyumba tupu. Kisha wakachukua rangi wakaanza kupaka na kuchora juu ya mbao na matofali yaliyoziba madirisha ya nyumba za halmashauri, nyumba moja baada ya nyingine. Hawakuwa na kibali. Walianzisha soko la barabarani kila mwezi pale Cairns Street, meza za vitu vya mitumba na vyakula vya kila pembe ya dunia, na watu wa sehemu nyingine za Liverpool waliokuwa wakiogopa kukanyaga Toxteth wakaanza kuja.

Utaona kwamba kwa mbali kazi yao inafanana na ya idara ya makazi ya New York: rangi juu ya dirisha lililozibwa, la jengo la umma. Kinachoitenga ni vitu viwili. Aliyechora ndiye aliyeishi ng'ambo ya mtaa. Na alichora huku akidai nyumba yenyewe. Mwaka 2011 wakazi waliunda chombo cha kisheria, dhamana ya ardhi ya jamii, chenye haki ya kumiliki nyumba kwa niaba ya mtaa. Serikali ilikuwa imefuta fedha za mpango wa mwisho wa ubomoaji, wajenzi wakubwa walikuwa wamejitoa, na halmashauri ikabaki na nyumba ambazo ni wakazi pekee waliokuwa na mpango nazo. Wakakabidhiwa nyumba kumi za Cairns Street.

Kuzikarabati wakashirikiana na Assemble, kundi la vijana wasanifu na wabunifu wa London. Hawa hawakuja na mchoro uliokamilika. Walikaa na wakazi, wakatazama walichokwisha kukifanya kwa vyungu na rangi, wakaendeleza kutoka hapo. Vifusi vya nyumba zilizobomolewa vilisagwa vikawa fremu za mahali pa moto. Karakana iliyofunguliwa hapo mtaani ikatengeneza vigae na vitasa kwa mikono. Mwezi Desemba 2015 Assemble walipewa Turner Prize, tuzo ya sanaa inayojadiliwa kuliko zote Uingereza, na wahakiki wakabishana kama ukarabati wa nyumba ni sanaa. Wanawake wa Granby hawakujisumbua sana na ubishi huo. Walikuwa na nyumba kumi zenye watu ndani. Bei zake zilifungwa na kipato cha kawaida cha watu wa eneo hilo, ili mwenye nyumba akiuza baadaye amuuzie mtu wa kipato hichohicho, na jina jipya la mtaa lisiwafukuze waliolitengeneza. Nyumba mbili ambazo ndani zilikuwa zimeporomoka zikaunganishwa kuwa bustani ya ndani, iliyofunguliwa mwaka 2019.

Nafikiri mara nyingi jinsi michoro ya Granby ilivyokwisha. Hakuna aliyeiondoa kwa amri. Fundi alipofika kubomoa matofali kwenye dirisha ili aweke kioo, mchoro uliondoka na matofali. Kazi ya muda ilipewa tarehe ya mwisho na ukarabati wenyewe, jambo ambalo Bronx halikuwepo na Albany lilikuwepo nusu.

Miji yetu ina majengo ya aina hii: stesheni za reli zilizofungwa, maghala ya vyama vya ushirika vilivyokufa, ofisi za zamani za wilaya, masoko yaliyohamishwa. Vijana wenye brashi wapo, na kuchora ukutani wanakujua kuliko kizazi changu. Vikundi vinapokuja kuomba ushauri, husikia zaidi kuhusu rangi ipi inahimili mvua kuliko kuhusu barua ya kibali. Mimi huwarudisha kwenye barua. Iseme ni nani anashika funguo na nani ameidhinisha ngazi na sakafu. Iseme mtu akianguka nani analipa, maana halmashauri nyingi hukataa kwa sababu hiyo moja na si kwa chuki ya sanaa. Iseme picha zitachaguliwa katika mkutano wa mtaa, wenye muhtasari, badala ya ofisi ya mfadhili. Wakazi wanaoishi umbali wa kuliona jengo walipwe kama mafundi, kwa kazi halisi, wasiitwe siku ya uzinduzi tu kuvaa fulana.

Na chini ya tarehe ambayo michoro itaondolewa, ndani ya kibali hichohicho, pawe na tarehe ya pili: siku ambayo baraza la madiwani litakaa hadharani kujadili jengo lenyewe litapewa nani na kwa masharti gani. Ofisa atakayekataa kuandika tarehe hiyo aombwe aandike sababu zake na kuweka saini, nakala iende kwa mwenyekiti wa mtaa.